Ukungu Usafishao Sukari ya Mti

Sukari iliyomo ndani ya mti imefungamana sana. Njia moja ya kuitoa ni kuupika mti kwa tindikali ya salfa. Lakini moto uo huo huigeuza sehemu ya sukari kuwa fufurali, sumu iizuiayo hamira kufanya spiriti ya kuendeshea mitambo. Chokaa huipunguza sumu, ila huacha taka ya jasi. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani na Hispania walieleza habari za ukungu wa udongoni, Coniochaeta ligniaria, ulao sumu hiyo. Lakini sukari nayo huila. Basi mwenye kuutumia hana budi kuukatiza kwa wakati wake, asije akabakiwa na maji safi yasiyo utamu.