Askari Akisema "Ni Sheria", Tuulize Ni Sheria Ipi

Akina mama wanaouza mboga kando ya barabara wanatuuliza: kanjo wakija na kumwaga nyanya zetu, ni sheria gani inawaruhusu?

Zamani mabaraza ya miji na wilaya yalitunga sheria ndogo za mahali pa umma, na Waziri akaziidhinisha. Zile za Nairobi za mwaka wa 2007 zilikataza hata kutema mate njiani na kupenga kamasi bila kitambaa. Watu walicheka, lakini ukishikwa hucheki.

Tangu 2013 mabaraza hayo hayapo tena. Anayetunga sheria ni bunge la kaunti, yaani wale MCA tuliowachagua wenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, yalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi. Kifungu cha 199 chasema sheria ya kaunti haina nguvu mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Kwa hivyo neno la askari peke yake halitoshi, hata akipiga kelele namna gani. Na ada ya leseni bila sheria hairuhusiwi (kifungu cha 210). Ukilipa, dai risiti. Pesa ya mkononi si ada, ni hongo.

Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa.

Kikundi kitume watu wawili kwa karani wa bunge la kaunti waombe nakala ya sheria ya masoko. Mswada mpya ukitangazwa, andikeni maoni kwa jina la kikundi, mwenyekiti na katibu watie sahihi, na yafike kabla ya tarehe iliyotajwa.