Shamba iko Sange, mukulima analala Uvira



Kisha lisansi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika wakulima wa Bonde la Ruzizi, juu ya kuwagawia miti ya muhogo yenye kuvumilia mozaiki. Fishi ilikuwa na jina la mukulima, shamba, na kijiji. Siku ya kugawa, miti ikajaa Uvira muji, na Sange watu wakarudi mikono mitupu. Hakuna aliyeiba. Kosa lilikuwa mu neno "kijiji", na mimi mwenyewe nililijaza.

Kuna tawi la hisabati linaloitwa nadharia ya kategoria. Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane waliianzisha mu andiko lao la 1945. Wazo lake: usiangalie vitu tu, angalia mishale kati ya vitu. Mishale miwili ikifuatana, inafanya mushale mumoja. Mu 2012, David Spivak na Robert Kent walionyesha namna ya kuandika ujuzi wa fani yoyote kwa masanduku na mishale. Wakaita mchoro huo ologi. Sheria yake ni kali: kila kitu, mushale unakipa jibu moja tu.

Tujaribu na fishi yangu. Masanduku ni Shamba, Mutu, Kijiji. Shamba lina mushale kwenda Kijiji (mahali liko) na mushale kwenda Mutu (anayelilima). Mutu naye ana mushale kwenda Kijiji (anakolala). Sasa toka Shamba mpaka Kijiji kuna njia mbili. Zinafika pamoja? Shamba la Sange lenye mukulima anayelala Mulongwe linajibu: hapana. Fishi ilizichukua kama njia moja, na hakuna aliyeuliza.

Na shamba la urithi, wanalolima ndugu watatu? Hapo mushale unavunjika, juu kuna majibu matatu. Dawa ni sanduku jipya: "Haki ya kulima". Kila haki ina shamba moja na mutu mumoja. Ndugu watatu, haki tatu, shamba moja. Hakuna anayepotea.

Tena, tukitaka kuunganisha orodha za miradi miwili, tunahitaji funkta: kila sanduku linapelekwa kwa sanduku, kila mushale kwa njia, na njia zilizo sawa huku zibaki sawa kule. Kama mradi mumoja unaita "mukulima" mwenye udongo, na mwingine anayeshika jembe, jina moja halitoshi kuunganisha.

Hisabati hii haipimi mavuno, wala haifukuzi nzi weupe wanaoeneza mozaiki. Inatulazimisha tu kuuliza mapema kile tungegundua kwa hasara.

Basi wewe unayeandaa kazi yako ya mwisho, mbele ya kuchapisha fishi, chukua karatasi, chora masanduku, pitisha kidole. Kila kimoja kina jibu moja? Njia mbili zinafika pamoja? Ni nusu saa tu. Miti ya muhogo ikikauka kwa jua, hairudi mubichi.