Saratani Iliyokomazwa Badala ya Kuuawa

Mwaka 1985, jijini Shanghai, mtoto wa kike wa miaka mitano alikuwa mahututi kwa saratani ya damu. Dawa kali za kuua seli zilikuwa zimeshindwa. Daktari Wang Zhenyi wa Hospitali ya Ruijin akampa dawa ya kumeza isiyokusudiwa kuua seli: asidi ya retinoiki, zao la vitamini A. Mtoto akapata nafuu kamili.

Vitamini hiyo tunaila kila siku. Rangi ya chungwa iliyomo kwenye kiazi lishe hukatwa katikati utumboni ikawa vitamini A, kisha sehemu kubwa huwekwa akiba kwenye ini. Seli inapoihitaji, vimeng'enya huigeuza kwa hatua mbili kuwa asidi ya retinoiki, molekuli yenye atomu 50 tu. Molekuli hiyo huingia ndani ya kiini, hushikana na protini iliyokaa juu ya DNA, na jeni zilizolala huamka. Vimeng'enya vingine huivunja isizidi. Kipimo ni kila kitu hapa: ikizidi wakati wa ujauzito, viungo vya mtoto huumbika vibaya, ndiyo maana dawa za chunusi za jamii hii ni marufuku kabisa kwa mjamzito.

Katika saratani ya yule mtoto, kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande. Hapo huzaliwa protini ngeni inayozifunga jeni za ukomavu, na kiasi cha kawaida cha asidi hakiwezi kuilegeza. Seli nyeupe hubaki changa, huzaliana na kuujaza uboho. Chembe za kugandisha damu hupungua, fizi zikaanza kuvuja.

Dozi kubwa huilegeza. Chini ya hadubini, kiini kilichokuwa kimoja kinene huanza kubonyea, kikagawanyika vipande kama cha seli nyeupe iliyokomaa. Seli hizo humaliza umri wao na kufa zenyewe. Mwaka 1988 kundi la Wang lilichapisha matokeo ya wagonjwa 24: 23 walipata nafuu kamili kwa dawa hiyo peke yake. Leo huunganishwa na arseniki, na wagonjwa wengi hupona.

Kuna saratani nyingine ya damu yenye kisa kinyume: kimeng'enya kilichoharibika hutengeneza molekuli ndogo inayozizuia seli kukomaa. Dawa ya kukizima, enasidenib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Nayo haiui seli, huziachia zikue.