Safari ya Kwanza ya Kampala: Tazama Kwanza, Ulipe Baadaye

Dawati letu la uhusiano limezoea maswali ya magendo, ya mizigo iliyozuiliwa na ya ng'ombe waliovuka mpaka bila wenyewe. Siku hizi limeongezeka swali jingine: vijana na familia wanaotaka kuhamia Kampala hutuuliza wafanye nini ili wasipotee. Wengi wao hutanguliza jambo la busara, yaani kwenda kuutazama mji kabla ya kuhama. Tunawapongeza kwa hilo. Hata hivyo tumeona kwamba safari hiyohiyo ya kutazama ndiyo inayowaponza baadhi yao, na makala hii inaeleza ni kwa namna gani.

Binti mmoja wa kijiji kilicho karibu na mpaka alikwenda Kampala siku ya Jumapili. Alipelekwa na dalali kuona chumba katika mtaa ulio bondeni, upande wa kaskazini wa mji. Jua lilikuwa linawaka, njia ni kavu, watu wametulia, na ukuta wa chumba umepakwa rangi juzi. Dalali akamwambia kwamba wateja wengine wawili wanakuja jioni. Binti alilipa kodi ya miezi mitatu papo hapo kwa simu, fedha ambazo mama yake alizipata kwa kuuza ndama. Baada ya wiki mbili alirudi na godoro lake. Alimkuta mpangaji mwingine ndani, mwenye stakabadhi zake zote, na mwenye nyumba hakuwa amewahi kumsikia dalali huyo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yalikuwa yamefika mlangoni. Alipokuja kwetu kuandikisha maelezo alisema, "Afande, mji niliouona si huu."

Kwa kweli mji ulikuwa uleule. Aliuona katika saa zake nzuri tu. Kutoka Busia hadi Kampala ni takribani kilomita 200, na anayesafiri Jumapili asubuhi hupita Iganga, huvuka Nile kwa daraja jipya la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, hupita msitu wa Mabira na kuingia mjini bila taabu kubwa. Barabara hiyohiyo Jumatatu alfajiri, kuanzia Mukono kuingia katikati, hujaa magari. Mtu aliyepima umbali wa kazi na nyumba kwa saa ya Jumapili atachelewa kazini tangu siku ya kwanza. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wakumbuke pia kwamba kile wanachokiita matatu au daladala, Kampala huitwa teksi: ni gari dogo jeupe lenye mkanda wa miraba ya buluu, lenye kuchukua abiria 14. Nauli yake haina bei moja. Hupanda jioni, na hupanda zaidi mvua inapoanza. Muulize kondakta kabla hujaketi, kwa sababu ukiuliza ukiwa umeshaketi atajua kuwa u mgeni.

Jambo la mvua linastahili kuelezwa kwa kirefu. Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Wenye uwezo walijenga juu tangu zamani, na mabondeni palipokuwa na mapapi pamejengwa vyumba vya bei nafuu vilivyosongamana. Mvua ikinyesha, maji ya paa na barabara zote za vilimani hushuka huko. Mfereji wa Nakivubo, unaopeleka maji ya mji hadi Ziwa Viktoria, hujaa na kufurika, na maeneo kama Bwaise na Kalerwe hupata mafuriko mara kwa mara. Misimu ya mvua ni Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Anayekwenda kutazama chumba mwezi wa Januari au Julai anakitazama chumba kikiwa katika sura yake nzuri kuliko zote.

Hata hivyo ukuta husema, kwa anayeutazama. Tafuta alama ya maji, mstari wa rangi ya tope unaozunguka nyumba kwa urefu mmoja. Angalia kama kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa saruji, au kama kuna mifuko ya mchanga kando. Angalia majirani wameweka vitanda vyao juu ya matofali mangapi. Rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu ya ukuta nayo ina sababu yake. Kisha nenda bombani wanakoteka maji kina mama wa mtaa huo, wasalimie, uwaulize. Hao hawalipwi kwa kila chumba kinachopangishwa.

Hapa yafaa tuseme neno kuhusu lugha, kwani wengi wetu mpakani tumelelewa na Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na sisi polisi tumekitumia kwa miaka mingi kabla ya hapo. Lakini lugha ya mitaa ya Kampala ni Luganda. Tena wapo wazee ambao mara ya kwanza walikisikia Kiswahili kutoka kinywani mwa askari kizuizini, katika miaka ambayo hawapendi kuikumbuka. Ukikunjiwa uso usidhani umechukiwa. Jifunze kusema "Oli otya, nnyabo?" kwa mama na "ssebo" kwa mwanamume, ndipo uendelee na Kiswahili chako. Utajibiwa.

Usitazame mtaa mchana peke yake. Rudi saa mbili au saa tatu usiku, ukiwa na mwenyeji, uone kama njia ina taa na kama watu wanatembea kwa amani. Waulize vijana wa bodaboda walioko kwenye siteji ya mtaa huo kama wangemruhusu dada yao kupita pale saa nne. Kituo cha polisi kilicho karibu kiko wapi? Swali hilo waweza kutuuliza hata sisi kabla hujasafiri.

Baada ya hayo mtafute Mwenyekiti wa LC wa Kwanza. Yeye huwajua wenye nyumba wa kijiji chake, na huwajua pia madalali waliowahi kuleta matatizo. Beba barua ya utambulisho kutoka kwa LC wa kwenu. Anayetoka Kenya aje na barua ya chifu, anayetoka Tanzania na ya serikali ya kijiji au mtaa wake. Malipo yafanyike mbele ya mwenye nyumba mwenyewe, na mwenyekiti awe shahidi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 na zaidi yawe kwa maandishi, na inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Chumba kikiwa cha bei ya chini ya hapo, andikiana vilevile. Dalali anayesema hakuna nafasi ya kusubiri hadi kesho, mwachie wateja wake wawili wa jioni.

Kuhusu hati: raia wa Kenya na Rwanda huweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, kwa makubaliano yaliyoanza mwaka 2014. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya kusafiria. Kuruhusiwa kuingia si kuruhusiwa kufanya kazi. Kibali cha kazi hutolewa na Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, hata kama shangazi yako anaishi ng'ambo hii ya mpaka.

Ukitapeliwa, usione haya. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na kuripoti hakulipiwi. Njoo mapema, ukiwa na namba ya simu iliyopokea fedha na ujumbe wa malipo, na usiufute. Kwa dharura piga 999 au 112.

Shauri la binti yule bado linapelelezwa. Yeye alirudi Kampala mwezi wa Aprili, siku ya kazi, akalala kwa binamu ya mama yake usiku minne, mitatu kati yake ikiwa ya mvua. Alitembezwa mtaani na mwenyekiti, akaona vyumba vitano, akachagua cha mteremkoni. Kodi yake ni kubwa kuliko ya kile cha kwanza, na ametuambia kwamba kupanda kilima na ndoo ya maji kunamchosha.