Lithiamu: Dawa ya Hospitali na Tembe za Mtandaoni

Tembe za lithiamu zinauzwa mtandaoni kama virutubisho, zikisifiwa kwamba hutuliza hisia, huleta usingizi na kulinda kumbukumbu za wazee. Mtu anaweza kuziagiza kwa simu bila kuonana na daktari. Lakini jina lililo kwenye chupa hizo ni la dawa halisi ya hospitali, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Lithiamu ni madini, yale yale yanayotumika kwenye betri za simu. Hupatikana kwa kiasi kidogo sana katika udongo na maji. Wakazi wa Bonde la Ufa hawahitaji kuelezwa sana jinsi madini yanavyoweza kufaa na kudhuru. Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini ile iliyozidi katika visima vingi vya Nakuru ndiyo iliyowaachia watu wengi meno ya kahawia. Lithiamu nayo ni hivyo, ila madhara yake huja upesi zaidi.

Faida yake si hadithi. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika kuhusu wagonjwa wake waliopata nafuu kwa kutumia lithiamu. Hadi leo ni miongoni mwa dawa bora za ugonjwa wa baipola, ambao humfanya mtu achangamke kupita kiasi kwa siku kadhaa, asilale na atumie pesa ovyo, kisha azame katika huzuni nzito. Pia hupunguza hatari ya mgonjwa kujitoa uhai. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Tatizo ni kwamba kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno. Wagonjwa wengi huhitaji milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa kila lita ya damu. Ikipita 1.5, sumu huanza kujitokeza. Kwa sababu hiyo daktari huagiza damu ipimwe saa 12 baada ya tembe ya mwisho, na upimaji huo hurudiwa. Figo na tezi ya thairoidi hukaguliwa pia, kwa kuwa matumizi ya muda mrefu yanaweza kuviathiri.

Figo huichukulia lithiamu kama chumvi. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, figo huirudisha lithiamu kwenye damu badala ya kuitoa kwa mkojo. Kuhara, kutapika, au kutwa nzima shambani juani bila maji ya kunywa kunaweza kupandisha kiwango hata kama mgonjwa hakuongeza tembe. Mwaka huo huo wa 1949, Marekani ilipiga marufuku lithiamu iliyokuwa ikiuzwa kama mbadala wa chumvi, baada ya wagonjwa wa moyo waliokatazwa chumvi kudhurika na wengine kufa.

Hatari nyingine iko karibu zaidi na nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua kwenye kemisti kwa maumivu ya mgongo au magoti, hupandisha lithiamu mwilini. Vivyo hivyo enalaprili, losartani na baadhi ya tembe za presha zinazoongeza mkojo. Anayetumia lithiamu amwambie mhudumu wa kemisti kabla ya kununua chochote.

Je, virutubisho? Vingi huwa na lithiamu oroteti, yenye takriban miligramu 5 za lithiamu. Tembe ya hospitali ya lithiamu kaboneti ya miligramu 300 ina takriban 56. Kwa hiyo ni kidogo, lakini "kidogo" si sawa na "salama" kwa mwenye figo dhaifu, mjamzito, au anayemeza dawa zilizotajwa. Na kwa mgonjwa wa baipola, kuacha dawa ya daktari na kushika chupa ya mtandaoni ni kujirudisha kwenye ugonjwa.

Kuhusu kumbukumbu, gumzo limeongezeka tangu Agosti 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipochapisha matokeo kwamba lithiamu oroteti ilirejesha kumbukumbu za panya wenye dalili za ugonjwa wa Alzheimer. Hao ni panya. Utafiti huo haukuonyesha kwamba tembe hizo zinamsaidia mzee aliyeanza kusahau. Mzee kama huyo anafaa kupimwa kwanza, maana presha, kisukari na upungufu wa vitamini B12 pia huathiri kumbukumbu, na vyote vina tiba.

Anayetumia lithiamu ya aina yoyote akianza kutetemeka sana, kutapika, kuyumba, kuzungumza kwa ulimi mzito au kuchanganyikiwa, asimeze tembe nyingine. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ya dawa ibebwe. Asiye na dalili hizo asiache dawa ghafla bila kumwona daktari, hata akigundua ni mjamzito. Lithiamu inaweza kuathiri moyo wa mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo amwone daktari haraka, bila kungoja kliniki ya kawaida.