Mzigo Wenye Upande Mzito: Ayapasayo Dereva wa Foklifti Kuyajua



Safari hii tunaeleza habari za foklifti na mizigo isiyolingana uzito pande zote. Wengi wetu tunafanya kazi karibu na mashine hii, katika maghala ya kahawa, viwanda vya chai, vya sukari na vya nguo. Hata kama huiendeshi, unapita mbele yake kila siku, kwa hiyo habari hii yakuhusu.

Madereva hutuuliza: "Mashine yangu imeandikwa kilo 2,500. Mzigo ni kilo 2,000 tu. Mbona magurudumu ya nyuma yamenyanyuka?" Jibu ni kwamba kilo peke yake hazitoshi. Lazima ujue pia uzito umekaa wapi.

Mtazame mtu anayechukua maji kwa mzega, ndoo moja mbele na moja nyuma, mti ukiwa begani. Akiisogeza ndoo ya mbele mbali kidogo na bega, mti unashuka mbele, ingawa maji hayakuongezeka hata kikombe kimoja. Foklifti ni hivyo hivyo. Bega lake ni ekseli ya magurudumu ya mbele. Nyuma kuna pande kubwa la chuma lililowekwa na watengenezaji, na mbele kuna mzigo wako.

Sasa soma kile kibati kilichopigwa kwenye mashine. Tuseme kimeandikwa kilo 2,500 na milimita 500. Maana yake ni kwamba unaruhusiwa kilo 2,500 ikiwa kitovu cha uzito wa mzigo hakizidi nusu mita kutoka pale meno yanapoanzia. Tuseme tena kutoka ekseli ya mbele hadi mwanzo wa meno ni milimita 450. Basi kitovu cha mzigo kiko milimita 950 kutoka begani. Kitovu hicho kikisogea mbele hadi milimita 800 kwenye meno, umbali wote ni milimita 1,250. Zidisha 2,500 kwa 950, kisha gawanya kwa 1,250: utapata kilo 1,900. Kwa magunia ya kahawa ya kilo 60, ulikuwa unabeba 41, na sasa ni 31. Magunia kumi yamepotea, na mashine ni ile ile. Hesabu hii ni ya kutusaidia kuelewa tu. Kazini fuata kibati. Tena ikiwa mashine imefungwa kifaa kingine mbele, kama kile cha kubania marobota, uwezo wake umepungua, na kibati kipya chenye kuonyesha hivyo kinatakiwa.

Hayo ni ya mbele na nyuma. Ya ubavuni ndiyo yanayowadanganya wengi zaidi. Foklifti ya kawaida ina magurudumu manne, lakini ekseli ya nyuma imeshikwa kwa pini katikati ili icheze kwenye mashimo. Kwa hiyo mashine imesimama kama chungu juu ya mafiga matatu: mawili mbele, moja nyuma katikati. Uzito wa mashine pamoja na mzigo ukitoka nje ya mafiga hayo, unapinduka. Mzigo wenye upande mzito tayari umekwisha kukusogeza pembeni kabla hujaondoka. Ikiwa uzito uko kulia, nawe ukakata kona ya kushoto kwa kasi, kona yenyewe inautupa uzito kulia zaidi. Na kadiri unavyouinua juu, ndivyo unavyohitaji kuyumba kidogo tu ili uanguke.

Chukua mfano wa feni kubwa ya kukaushia chai. Gamba lake ni bati lenye hewa tupu ndani, lakini upande mmoja imefungwa mota ya chuma. Jicho linasema katikati ya feni ni hapa. Uzito unasema katikati ni kule karibu na mota. Dereva akiingiza meno katikati ya umbo, amekosea. Meno yatanuliwe kadiri mzigo unavyoruhusu, na kitovu cha uzito kiwe kati ya meno mawili, hata kama bati litachomoza sana upande wa pili. Ikiwezekana kuuzungukia mzigo, upande mzito uuelekeze kwenye mlingoti, si kwenye ncha za meno. Pipa kubwa lililojaa nusu ni baya zaidi, maana uzito wake unatembea: ukipiga breki maji yanakimbilia mbele, ukikata kona yanakwenda ubavuni. Bora lijazwe au limwagwe kwanza.

Usipojua kitovu kiko wapi, uliza mzigo wenyewe. Uinue kama sentimita tano tu, usimame, utazame. Unalalia upande? Nyuma ya mashine imekuwa nyepesi, usukani umelegea? Teremsha, sogeza meno, jaribu tena. Kazi hii haimalizi dakika tano, na fomani anayeipigia kelele hajui anachokisema. Ukishatulia, ufunge kwa mkanda au mnyororo kwenye paleti ili usiteleze, inamisha mlingoti nyuma kidogo, na uende polepole mzigo ukiwa chini, karibu sentimita 15 kutoka sakafuni. Penye mteremko mzigo uelekee juu daima, maana yake unapanda ukienda mbele na unashuka kwa kurudi nyuma, wala usikate kona hapo.

Sasa tuseme neno juu ya desturi ambayo tumeikuta mahali pengi na ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mashine ikinyanyuka nyuma, wanaitwa vijana wawili watatu, mara nyingi vibarua wa siku, wapande nyuma wawe uzito. Ndugu, mtu si jiwe la mizani. Wale vijana wakiteleza, au mmoja akiruka kwa hofu, uzito waliokuwa wakiuzuia unarudi wote kwa mara moja. Kama mashine inahitaji watu ili isimame, basi mzigo umeizidi. Utenganishe, mota ifunguliwe peke yake. Au ipatikane mashine kubwa, au mnyororo wa kuinulia uliofungwa mahali imara. Vivyo hivyo, mtu asiushike mzigo kwa mikono huku akitembea kando yake. Akae mbali kuliko urefu wa mzigo ukianguka.

Huko Marekani taasisi ya serikali ya usalama kazini, NIOSH, ilihesabu vifo 1,021 vya wafanyakazi katika ajali za foklifti kati ya 1980 na 1994. Asilimia 22 ni mashine kupinduka, na asilimia 20 ni watu wa miguu kugongwa. Foklifti ya kukalia ikianza kulala, mwili unataka kuruka. Usiruke: lile paa la chuma la kukukinga ndilo litakalokulalia. Kaa na mkanda wako, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande ulio kinyume na unakoangukia.

Na dereva anayeambiwa "beba hivyo hivyo" afanye nini? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, wasema mfanyakazi aliyejitoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya maana, asiadhibiwe isivyo haki. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika ile ya msingi, na nchi wanachama zapaswa kuiheshimu misingi yake hata zisipotia sahihi. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Lakini usiondoke kimya ukaonekana mvivu. Teremsha mzigo, zima mashine, mwite mwakilishi wa usalama na mwonyeshe kibati. Andikeni katika daftari siku, saa, mzigo, uzito uliokadiriwa, na jina la aliyetoa amri. Na kama kibati kimepakwa rangi au kimeng'oka, hilo liandikwe mstari wa kwanza, na mashine isitoke mpaka kirudishwe.