Pawasaplai ya kompyuta hupimwa kwa mzigo

Pawasaplai, yaani kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa soketi na kuugawa ndani ya kompyuta, huuzwa kwa idadi ya wati iliyoandikwa ubavuni mwake, ingawa idadi hiyo peke yake haimwelezi mnunuzi kama kifaa kinaweza kutoa nguvu hizo kwa muda mrefu, katika joto kali na bila volti kuyumba. Majibu hupatikana pale tu kinapobebeshwa mzigo mzito na kupimwa.

Kazi yake ya msingi ni kubadili mkondo geu, ambao katika soketi za volti 230 huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, uwe mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Mwongozo wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, kwa miaka mingi uliruhusu tofauti isiyozidi asilimia 5, hivyo njia ya volti 12, inayolisha prosesa na kadi ya picha, ilipaswa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6 hata chini ya mzigo kamili. Viwimbi, yaani mitikisiko midogo ya volti inayoonekana kwa osiloskopu lakini hufichwa na wastani wa multimita, navyo havikutakiwa kupita milivolti 120 katika njia hiyo.

Maabara hutumia mzigo wa kielektroniki, mtambo unaovuta ampea kwa kiasi kilichopangwa. Mpango wa 80 Plus, ulioanza mwaka 2004, hupima ufanisi katika asilimia 20, 50 na 100 za mzigo. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 80 inapotoa wati 500 huvuta wati 625 kutoka kwenye soketi, na wati 125 za ziada hugeuka joto, ambalo hukausha taratibu kimiminika kilichomo katika kapasita za elektroliti, kiasi kwamba umri wake hukadiriwa kupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10. Ndiyo maana jaribio la dakika chache, linalokoma kabla joto halijatulia, halithibitishi mengi.

Mafundi wasio na mtambo huo huendesha kwa pamoja programu za Prime95, inayoshughulisha prosesa, na FurMark, inayoielemea kadi ya picha, huku wakifuatilia volti. Hata hivyo, kompyuta inayotumia wati 300 haiwezi kuijaribu pawasaplai ya wati 750 hadi ukomo wake, na ikizimika ghafla, chanzo kinaweza kuwa prosesa iliyopata joto kupita kiasi. Aidha, kisanduku hakifunguliwi ovyo, kwa kuwa kapasita zake zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Mzigo tulivu nao hauonyeshi yote. Kadi za picha za kisasa huvuta umeme kwa vishindo vya muda mfupi mno, na toleo la ATX 3.0 la mwaka 2022 liliweka sharti la kuhimili hadi asilimia 200 ya nguvu zilizotajwa kwa mikrosekunde 100. Kwa hiyo, pawasaplai mbili zenye wati sawa kwenye lebo zinaweza kuachana mbali katika kazi, na mnunuzi makini huanza na vipimo vya volti, viwimbi na joto kabla ya kulinganisha bei.